Nilienda kununua siti ya baiskeli nikarudi na pedi

Mwenzenu nina baiskeli, si ya mashindano, ni baiskeli tu ya kupunguzia kitambi, na kwa muda mrefu tu tulikuwa tunaelewana vizuri mpaka siku nilipokutana na mtu anayejua. Akanitazama napita, akanisimamisha, akasema siti yako iko chini sana, mguu ukifika chini kabisa kwenye pedeli goti linatakiwa libaki limekunja kidogo tu. Ni kweli langu lilikuwa linakaribia kunigonga kidevu. Nikarudi nyumbani, nikachukua spana, nikalegeza nati niliyoiona hapo chini ya siti, siti ikaanza kuchezacheza kama kichwa cha kuku, kumbe nati ya kupandisha siyo hiyo, ya kupandisha iko chini huku bomba linapoingia kwenye fremu. Basi ile ya kwanza nikaikaza nilivyoona inafaa, nikalegeza ya pili, nikapandisha siti, nikakaza, nikajipongeza kwa chai.

Wiki hiyohiyo shida ikaanza. Makalio yanauma, hilo nalo naweza kulivumilia, lakini kuna ganzi ya huku mbele ambayo mtu mzima hawezi kumwonyesha mwenzake ni wapi. Nilikuwa nikishuka kwenye baiskeli nahisi kama kuna vitu vyangu nimevisahau njiani. Natembea hatua mbili tatu, nasimama, nasubiri vifike.

Nikaulizia. Kosa. Ukitaka kujua watu hawapendani waulize waendesha baiskeli kuhusu siti. Mmoja anasema nunua siti laini, mwingine anasema thubutu, laini ndiyo inaua, unazama halafu inakubana kulekule, chukua ngumu. Wa tatu anasema siti haina neno, nunua taiti. Wa nne anasema paka mafuta maalumu. Wa tano sikumwuliza ila akajibu, akasema ni uzito wangu.

Halafu kuna huyu mmoja akaniambia kwa upole kama daktari, "Kaka, umepima mifupa?" Kumbe mtu akikaa kwenye baiskeli anakalia mifupa miwili huku chini ya makalio, na siti inachaguliwa kwa umbali kati ya hiyo mifupa. Na namna ya kupima nyumbani ni hii, sikutanii: unachukua kipande cha boksi, lile la mawimbimawimbi ndani, unakiweka juu ya kitu kigumu, unakikalia, unainama mbele kidogo kama uko kwenye baiskeli, ukiinuka unakuta mashimo mawili. Unapima katikati ya shimo hili mpaka katikati ya lile.

Nikachukua boksi la friji. Nikalikalia. Mara ya kwanza nikapata sentimita kumi na nne. Sikuamini, nikarudia upande mwingine nikapata kumi na moja. Yaani kati ya jaribio la kwanza na la pili nilikuwa nimepungua sentimita tatu za mifupa. Nikasema hapana, safari hii naweka uzito wote na nainua miguu juu kabisa, nikakaa kwa nguvu mpaka boksi likalia, nikapata kumi na mbili na nusu pamoja na mashimo mazuri, ya duara, yamelingana kama yamechongwa. Sasa mashimo hayo hayaonekani vizuri kwa mwanga wa kawaida, inabidi umulike tochi ya simu kwa ubavu. Hivyo ndivyo mke wangu alivyonikuta, nimepiga magoti chumbani, bukta ya ndani tu, rula mdomoni, namulika boksi.

"Baba watoto, unatafuta nini?"

"Napima mifupa."

"Ya nani?"

"Ya kukalia."

Akafunga mlango polepole bila sauti, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Siku ya pili nikaingia dukani nikijiona msomi, nina namba yangu. Nilitegemea nitakuta siti tatu, nne, nachagua, naondoka. Jamani. Ukuta mzima. Kuna za upana wa milimita 130, 143, 155, na sijui zipi tena. Zenye tundu katikati, zenye mfereji badala ya tundu, zisizo na lolote. Zenye pua ndefu, zenye pua fupi utadhani zimekatwa na panya. Za jeli, za sponji, za ngozi ngumu kama ubao, hizo za ngozi dogo wa dukani akaniambia ukizikalia muda mrefu taratibu zinachukua umbo lako. Nikauliza na wakati huo mimi nitakuwa nimechukua umbo gani, hakucheka.

"Anko, wewe unaendesha kwa mtindo gani?" akaniuliza.

"Wa kukaa," nikajibu.

Akanieleza taratibu kwamba kuna watu wanaolala mbele, kuna wanaokaa wima, kuna wa katikati, na kila mtu ana siti yake. Nikamwambia mwanzo wa safari nakaa wima, kilimani nalala, nikichoka nasukuma. Akanyamaza. Naona kwenye mafunzo yao hawakufika huko.

Nilisimama mbele ya ule ukuta nikishika hii, narudisha, nashika ile. Nikaanza kuzibonyeza kwa dole gumba kama mama anayechagua parachichi. Zote zilikuwa nzuri. Hilo ndilo tatizo. Ingekuwepo moja mbaya ningepata pa kuanzia. Baada ya nusu saa nikawa siwezi hata kukumbuka ninachoumwa ni wapi, nikajikuta namwuliza dogo, "Kwani watu wengi huwa wanaumwa wapi?"

Hapo ndipo akanivuta upande wa taiti.

"Anko, wewe unahitaji pedi."

Aliongea kwa sauti. Kulikuwa na dada mmoja pale anachagua helmeti, akageuka akanitazama, mwanamume mzima, ndevu, boksi kwapani (ndiyo, nilienda nalo, kama ushahidi). Dogo wala habari hana, anaendelea, kuna pedi nyembamba za safari fupi, kuna nene za masaa mengi, kuna za wanaume na za wanawake. Zimeshonewa ndani ya taiti kabisa. Kuna taiti za kawaida za lastiki kiunoni na kuna zenye mikanda inayopita mabegani kama ovaroli ya mtoto. Akaniambia zamani pale kwenye pedi paliwekwa ngozi halisi ya mnyama mmoja wa milimani huko Ulaya, jamaa wa mbuzi, na ngozi hiyo ilikuwa ikifuliwa inakakamaa, ndiyo maana watu walikuwa wanaipaka mafuta ilainike. Siku hizi ni vitambaa vya kiwandani, ngozi ya mbuzi imeondoka ila mafuta yamebaki. Na yako ya aina nyingi, nikaomba asinionyeshe.

"Halafu anko, ndani yake huvai kitu."

"Kitu gani?"

"Chupi. Huvai. Mishono yake ndiyo inakuchubua."

Nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Moyoni nikasema huyu mtoto ananichezea, mtu hawezi kutoka barabarani hivyohivyo.

Kwa kuwa nilikuwa palepale nikasema nichukue na tyubu ya akiba. Afadhali nisingesema. Akauliza namba ya rimu. Mimi nilidhani namba ya tairi ni kama namba ya kiatu, ikiwa kubwa basi kitu ni kikubwa. Kumbe kuna tairi zinazoitwa 28 na zinazoitwa 29 na wote hao rimu yao ni moja, milimita 622. Halafu kuna ya zamani inaitwa 27, yenyewe rimu yake ni 630. Yaani ya 27 ni kubwa kuliko ya 29! Na za 26 nazo hazielewani zenyewe kwa zenyewe, kuna ya 559 na kuna ya 590, ukiifunga hii kwenye rimu ya ile haikai. Nikamwuliza nani alikaa akapanga hivi, akasema hakuna aliyepanga, kila nchi ilikuja na namba zake. Tyubu nikaiacha. Viatu vya kubana kwenye pedeli nilivikimbia kabisa, nilisikia tu kwamba kuna vya matundu mawili chini ya soli na vya matundu matatu nikageuka.

Kwenye siti nikashindwa kuamua kati ya laini na ngumu. Mwisho nikafanya kile anachofanya kila mtu aliyechoka, nikachukua zote. Siti pana ya jeli, na juu yake kifuniko cha jeli kile cha kuvalisha siti, kina kamba ya kufunga chini, kwamba nikiona laini imezidi navua. Taiti nikachukua ya mikanda yenye pedi nene kuliko zote. Siti ya 143 iliyofaa mashimo yangu niliiacha ukutani. Boksi lilisafiri bure.

Jumamosi asubuhi nikafunga siti mpya mwenyewe, kwa utaalamu uleule. Nikavaa chupi, nikavaa taiti juu, mikanda mabegani, fulana juu ya mikanda. Kwenye kioo nikaona pedi imening'inia huku nyuma imetuna, lakini nikajiambia ndivyo inavyokuwa kwa wataalamu.

Sasa piga hesabu. Siti ya jeli nene kuliko ile ya zamani, juu yake kifuniko, juu yake pedi, juu yake chupi, halafu ndiyo mimi. Nilipokaa ncha za vidole ndizo zilizogusa ardhi. Lakini ukishaondoka mguu wa nini, nikaondoka. Nilikuwa juu naona ndani ya mageti ya watu.

Nikafika kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, watoto wanavuka, nikashika breki. Baiskeli ikasimama. Siti ikasimama. Kifuniko hakikusimama. Kile kitu kiliteleza kwenda mbele na mimi nikiwa nimekikalia vizuri kabisa kama nimepanda mkeka, tukaiacha siti, tukatua wote wawili kwenye bomba la fremu. Sitaelezea zaidi. Nilitoa sauti ambayo tangu nibalehe sikuwahi kuitoa, miguu inatafuta ardhi haipati, baiskeli ikalala upande wa kulia taratibu na mimi nikalala nayo nikiwa bado nimeshika breki zote mbili.

Kimya. Halafu katoto kamoja kakauliza kwa huruma ya kweli, "Mama, mbona yule anko mkubwa bado anavaa nepi?"

Yule mama alikuja kuniinua. Alijitahidi sana asicheke, nampa heshima yake, mpaka alipookota kifuniko akauliza, "Hii ni ya kwako?" hapo akashindwa.

Nikasukuma baiskeli mpaka kwa fundi, mzee mmoja mwenye penseli sikioni. Njiani mkojo ukanibana, nikaomba choo sehemu, na ndipo nilipojifunza kuhusu mikanda. Ili ushushe taiti lazima ushushe mikanda, ili ushushe mikanda lazima uvue fulana. Nilisimama kwenye choo cha watu kifua wazi, kama naoga.

Fundi hakuniuliza kitu. Alinitazama mimi, akatazama baiskeli, akatazama kifuniko mkononi mwangu. Akatoa penseli sikioni akailaza juu ya siti, kwa upana. Penseli ikabingirika yenyewe kurudi nyuma, ikadondoka. Akaiokota akailaza tena. Ikabingirika tena.

"Nani alikuinulia pua ya siti, mwanangu?"

Nikaangalia pembeni.

"Ile ya zamani ilikuwa hivihivi?"

Nikakumbuka ile nati. Ile ya kwanza, niliyoikaza nilivyoona inafaa. Siti ilikuwa imetazama mbinguni siku zote hizo na mimi naikalia pua nikizunguka kuuliza upana wa mifupa. Akaniambia nikalete ile ya zamani. Akaifunga, akaweka penseli, akagonga pua ya siti kwa kiganja mara mbili, akakaza kidogo, akaweka penseli. Ikatulia. Akakaza kabisa, akarudisha penseli sikioni. Dakika tatu, labda nne, na zaidi ya dakika moja alikuwa anaongea na mteja mwingine.

Nimeendesha kurudi nyumbani siumwi. Siti ileile, bukta ya kawaida, chupi yangu.

Siti ya jeli iko stoo. Kifuniko mke wangu amekivalisha kwenye kigoda chake, anasema ndicho kitu pekee cha maana nilichowahi kununua bila kutumwa. Taiti bado sijaitafutia majibu. Lile boksi nililiacha chumbani, mtoto akaliokota, yale mashimo mawili akayachorea kope na mboni, akaongeza pua na mdomo, na limebandikwa sebuleni mpaka leo. Wageni wakiuliza huyu ni nani, mke wangu anawajibu bila hata kugeuka, "Baba yao huyo, amefanana sana."