Nahodha wa Likoni

Kilichoniponza ni kuzaliwa Likoni.

Mke wangu ni mtu wa Kitui, na kwa wakwe zangu yeyote aliyezaliwa karibu na bahari ni nusu samaki. Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kuwasahihisha. Wakiuliza kama nayajua maji, jibu langu ni lilelile: "Nimevuka bahari mara mbili kwa siku, tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne." Na ni kweli tupu. Nisichokitaja ni kwamba nilikuwa navuka kwa feri, kutoka Likoni kwenda kisiwani Mombasa na kurudi, nimesimama wima, nimebanwa kati ya mkokoteni wa viazi na mbuzi wa mtu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kushikilia mkoba wangu usichomolewe kitu.

Basi shemeji yangu, ambaye ni dereva wa trela hapa Dallas, alipoleta wazo la kwenda Boundary Waters, kule Minnesota mpakani na Kanada, kwenye maziwa zaidi ya 1,000 ambayo mengi hayaruhusiwi hata boti ya injini, alinigeukia mimi.

"Shemeji, barabarani usukani ni wangu. Majini nahodha ni wewe."

Mwenye akili angekohoa akatoka nje. Mimi nilisema, "Hilo niachie."

Tukakodi RV, lile basi lenye vitanda, jiko na choo ndani. Njia yenyewe haikupi nafasi ya kupotea: unaingia I-35, inayotoka Laredo mpakani na Mexico, na huitoki mpaka iishe Duluth, kando ya Ziwa Superior. Oklahoma, Kansas, kipande cha Missouri, Iowa, Minnesota. Mashamba, mashamba, halafu mashamba. Nilipewa kazi moja tu, kukagua makomeo ya makabati kabla hatujaondoka. Karibu na Wichita nilikagua yote isipokuwa la friji. Shemeji akakata kona kurudi barabara kuu, mlango ukaachia, na sufuria ya biriani ikashuka kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Ikateleza polepole, ikapita miguuni pa mke wangu, mfuniko ukaenda zake, na safari yake ikakomea nyuma ya kiti cha dereva. Mchuzi ulizama kwenye zulia la wenyewe na haukutoka tena. Mpaka Duluth tulikuwa tunanukia harusi.

Mji wa Ely ndipo tulipochukua kibali cha kuingia Boundary Waters. Kundi lisizidi watu 9, tukaambiwa, na makopo na chupa za chakula haviingii. Sadini zikabaki garini. Mke wangu alisimama kando ya RV akihamisha achari ya embe kutoka kwenye chupa kwenda kwenye mfuko wa plastiki, kijiko kwa kijiko, bila kusema neno. Aliyeoa anaujua ukimya ule.

RV tuliiacha kambini. Kijana wa kukodisha mitumbwi akatupeleka kwa gari lake mpaka Lake One, mitumbwi miwili juu ya paa. Mitumbwi ya Kevlar, nyuzi nyepesi lakini imara, kila mmoja kama kilo 19. Nilipouinua nikaona huu ni mchezo. Akatuonyesha kwenye ramani pale tutakapobeba mitumbwi mabegani kwenda Lake Two. Kule umbali wa nchi kavu hupimwa kwa rodi, na rodi moja ni kama mita 5, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Rodi 30 za kwanza. Halafu akauliza kama tumewahi kupiga makafi.

Shemeji akanijibia. "Huyu amekulia Bahari ya Hindi."

Kijana akanitazama kwa heshima ambayo inaniuma mpaka leo.

Sasa, kwenye feri unaingia umesimama. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna namna nyingine. Nilikanyaga mtumbwi nimesimama wima, begi mgongoni, kafi mkononi, mwanangu wa miaka tisa ameshakaa mbele. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nilikwenda tezi, nikayumba kuelekea omo, ila ngama sikuiona; nilipitiliza majini moja kwa moja, na mtoto juu yangu. Kina kilikuwa cha magotini. Lakini ilikuwa mwanzo wa Juni, na maji yale ni kama barafu yake imeyeyuka jana. Nilitoa sauti nisiyojua ninayo. Mtoto akapoteza ndara moja.

"Nilikuwa napima kina," nikamwambia shemeji.

Tuliondoka saa nne. Ramani niliikunja nikaikalia. "Sisi tunasoma maji," nikasema. Maji ya Lake One hayasomeki. Ni visiwa na vihori tu, kila kimoja kina miamba ileile na misonobari ileile. Halafu nikagundua kwamba ukipiga kafi upande wa kulia, mtumbwi unakwenda kushoto. Ukihamia kushoto, unakwenda kulia. Na mbele ni mahali unapopita kwa bahati tu, katikati ya makosa mawili. Mke wangu na shemeji walitufuata kila tulipopinda, kwa imani. Kuna ndege anaitwa loon, ndiye ndege wa jimbo la Minnesota, mweusi mwenye madoadoa meupe na jicho jekundu, ana mlio kama kicheko cha mtu aliyesikia umbea. Alicheka kutoka kila upande.

Saa saba, mkono hauinuki, nikaona ufuko. Nikajua tumefika penye rodi 30. Nikateremka, safari hii kwa kukaa, nikasimama mchangani nimeshika kiuno. Na pale kwenye mawe, nini? Ndara. Ya kijani, imelala chali.

Nikapandwa na hasira ya kweli. "Mnaona watu walivyo! Wameambiwa wasiache hata kipande cha karatasi, mtu anabeba ndara mpaka huku porini, anaitupa! Sisi wageni tunafuata sheria, wenye nchi..."

"Baba," akasema mwanangu, akiinua mguu uliovaa ndara ya kijani. "Hiyo ni yangu."

Loon alicheka. Nikageuka taratibu. Nikakiona kibao cha kutilia mitumbwi majini, njia ya kwendea maegesho, na alama ya magoti yangu kwenye tope.

Shemeji alikuwa bado amekaa kwenye mtumbwi wake, kafi mapajani. Alingoja nimalize kutazama.

"Nahodha," akasema kwa adabu zote, "hapa ni Likoni, ama bado tuko upande wa Mombasa?"

Tuliondoka tena saa nane. Ramani alishika mke wangu, na mimi niliwekwa katikati, kwenye mizigo.