Mama ndiye wa kwanza kushtakiwa

Kijana akianza kula unga, yaani heroini, mtaa humgeukia mama yake. "Asiyefunzwa na mamaye," watu husema, na methali huachwa hapohapo. Kila mtu anajua inakomalizikia.

Wasemao hivyo hawajakosea kabisa. Baba anayejua bakora peke yake humfunza mwanawe kusema uongo mapema. Siku ya kete ya kwanza, kile kipakiti cha unga, maskani, mtoto huyo hana wa kumwambia. Na yupo mama anayemlipia mwanawe deni la muuzaji ili asipigwe, kisha deni linarudi wiki inayofuata, limeongezeka.

Ila hoja yao inapwaya ikifika baharini. Heroini inayouzwa Unguja, Tanga na Mombasa kwa miaka mingi imetokana na afyuni iliyolimwa Afghanistan, ikapakiwa majahazini pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, na kushushwa huku. Huko Zanzibar heroini ilianza kuonekana miaka ya 1980. Je, akina mama wa Ng'ambo, mitaa ya Unguja mjini, walisahau kulea wote kwa mkupuo? Na mbona nyumba moja, matiti yaleyale, mmoja anakuwa teja na mwingine mwalimu wa madrasa? Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza hamu ya heroini, mwaka 2011. Mpaka leo watu hupanga foleni asubuhi, wanakunywa kikombe chao mbele ya muuguzi, wanakwenda kazini. Lingekuwa suala la adabu tu, kikombe kile kisingefaa kitu.

Kwa maoni yangu, mzazi hana nguvu kubwa juu ya kete ya kwanza. Nguvu yake iko baadaye, usiku wa arosto, mwili unapodai unga: kijana anapiga miayo, kamasi zinamtoka, miguu inakakamaa, tumbo linaendesha, na mtu amekaa naye na ndoo. Hata hapo sina ujasiri wa kumhukumu mama aliyefunga mlango baada ya mtungi wa gesi kuuzwa mara ya tatu. (Wanaomsema hawajawahi kununua mtungi wa nne.)

Kijana akifikia kutaka kujiua, hapo ndipo maneno ya nyumbani yanapokuwa na uzito zaidi. "Bora ningezaa jiwe" ni neno la hasira, mzazi hulisahau kabla ya chakula cha usiku. Kijana aliyekwishajiona mzigo halisahau. Analipokea kama hukumu.

Lakini mzazi naye ana la kuogopa. Tanzania Bara, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kinakiuka Katiba. Basi kijana akiokolewa alfajiri, hospitali huambiwa "kapata ajali". Daktari anatibu mwili, kilichomfikisha pale hakiulizwi, jioni anarudishwa chumba kilekile. Mama aliyedanganya alikuwa anamkinga mwanawe na polisi.