Siku niliyopanda jukwaani na ka peke yake

Wapiga tarumbeta mnaijua ile ka. Ya ta-ka-ta-ka, zile silabi ulimi unazotamka kimya kimya ukiwa unapuliza, kila silabi nota moja. Sasa jamaa ninayekaa naye kwenye bendi, tarumbeta ya pili, yeye anaiita mazoezi ya kuku, kila akinikuta pembeni nafanya ka ka ka ka anauliza nimeshataga mangapi. Msimamo wake ni kwamba mtu mwenye ulimi mwepesi hana haja na mambo ya kugonga mara mbili mara tatu, hayo ni ya wapenda sifa, yeye ni ta ta ta ta mwanzo mwisho. Na kusema kweli ulimi wake uko fasta, sibishi, ila muziki ukifika mapigo 150 kwa dakika na kila pigo lina nota nne utaona mishipa ya shingo inamtoka na macho yanaanza kutafuta mlango.

Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni nota 10 kwa sekunde. Ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu, itoke, irudi, mara kumi kabla hujapepesa jicho vizuri, na wimbo una dakika kadhaa. Ndo maana wajanja wa zamani wakagawa kazi: ncha inapiga ta, na wakati inajiandaa kurudi sehemu ya nyuma ya ulimi inagonga kaakaa inapiga ka, kwa hiyo kila upande unapiga tano tu, maisha yanasonga, ndo kugonga mara mbili huko. Zikija nota tatu tatu unapiga ta-ta-ka, ndo mara tatu. Arban, yule Mfaransa aliyefundisha koneti, ile ndugu fupi ya tarumbeta, pale Paris, alishayaandika haya kwenye kitabu chake cha 1864, kurasa na kurasa, na mpaka leo watu wanakifungua wanatokwa jasho.

Shida ni kwamba ka ni mvivu wa kuzaliwa. Ukiziunganisha tu hivi hivi unasikia ta kubwa ka ndogo ta kubwa ka ndogo, muziki unachechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Dawa yake ni kuifanyisha kazi ka peke yake, taratibu, pumzi inatoka mfululizo bila kukatwa, mpaka ukiziba macho usijue ipi ni ipi. Hapo ndo nilipopatia jina la kuku.

Basi siku hiyo tuna shoo saa mbili usiku, na mi nina jino la chini kulia lenye tundu lililokuwa linaninyima usingizi, nikasema si mchana niko huru, naenda liziba. Nikamuuliza daktari ganzi inachukua muda gani kuisha, akasema masaa matatu manne hivi, marefu sana matano, nikaona safi kabisa, muda upo wa kumwaga. Nimelala kwenye kile kiti, mdomo wazi, taa usoni, mashine inalia, simu inatetemeka mfukoni mfululizo na siwezi kuishika. Natoka pale nafungua, kumbe shoo imerudishwa nyuma, tunaanza saa kumi kamili, na hapo ni saa tisa na robo!

Nikatuma ujumbe wa sauti kuomba udhuru. Nilichosema ni kwamba siwezi kupiga, nimechomwa ganzi, mdomo hauko. Walichosikia ni "thiwethi kufiga nimethomwa gandhi". Majibu yakawa vikatuni vya kucheka sita kwa mpigo na mtu mmoja kuniambia niache utoto niwahi.

Nikawahi. Nyuma ya jukwaa natoa tarumbeta, naweka mdomoni, upande wa kulia sisikii kama kuna chuma wala nini, pumzi inavujia huko fsssss, na mate yanashuka kidevuni bila hata kuniaga. Nikasogeza mausipisi, kile kidomo cha kupulizia, kushoto ambako bado kuna uhai, sauti ikatoka, haya, afadhali. Sasa piga ta. Inatoka "fla". Piga tena. "Sthla." Yani misuli ya ulimi inafanya kazi vizuri tu, ila ile ncha haina habari meno yako wapi, inapapasa huku na kule, mara iko kwenye shavu, mara imeingia hadi kwenye mausipisi. Nimekaa pale nusu nilie, katika kuhangaika nikapiga ka.

Jamani. Ikatoka ka safi, kavu, ya kitabuni.

Baadaye ndo nikaelezwa kwamba ile sindano ya taya la chini inalaza mdomo wa chini wa upande ule pamoja na theluthi mbili za mbele za ulimi, ila kule nyuma inapotoka ka haigusi. Lakini wakati ule sikuhitaji sayansi. Nina ka, twende.

Nyimbo za taratibu zikapita zote kwa ka tupu, hamna aliyeshtuka. Balaa ni ile ya kufungia, machi ya mbio, yani wimbo wa gwaride, mwishoni tarumbeta mbili zinapiga nota nne nne kila pigo, sauti ile ile moja, na kiongozi wetu akiona watu wanapiga makofi huwa anasahau kabisa alituambia spidi gani mazoezini. Ka peke yake haifiki huko, hata kuku mwenyewe hafiki. Nikamwangalia jirani, shingo imeshavimba, anapiga nota moja anaruka moja. Zikaja pau nane (vile vipande vya mapigo muziki unavyogawanywa) za kupumzika nikamvuta sikio nikamwambia "wi nina ka thu". Akanikodolea macho. Nikajionyesha mimi, ka. Nikamwonyesha yeye, ta. Nikagonga vidole kwa kupokezana. Nadhani mtu akichoka anaelewa haraka, maana alitikisa kichwa mara moja tu akaweka tarumbeta mdomoni.

Tukaingia. Yeye ta, mi ka, yeye ta, mi ka. Pau mbili za kwanza ilikuwa vurugu, tumegongana, ngoma nyuma imetuangalia kwa huruma, ila ya tatu ikakaa, na ilivyokaa ilikaa haswa, watu wawili ulimi mmoja, inatiririka mpaka kiongozi akageuka kuangalia ni nani huyo.

Kushuka chini baba mmoja akanipa mkono kwa nguvu, eti amependa nilivyopiga kwa hisia mpaka machozi yamelowesha kola. Hayakuwa machozi. Akauliza kama ile ya kushika tarumbeta upande upande nimeitoa kwa Dizzy Gillespie, yule Mmarekani wa jazi mwenye tarumbeta iliyopinda. Nikatabasamu kwa nusu ya uso iliyokuwepo, ningemjibu nini, ya Gillespie yenyewe ilipinda mwaka 1953 kwa ajali tu, mtu aliiangukia, akapuliza akaipenda akaendelea nayo.

Mara kiongozi akaja mbio, kanipita mimi, kaenda moja kwa moja kwa jirani yangu, kamshika mabega. "Mwanangu, kumbe mara mbili yako imenyooka hivi! Umeanza lini kuifanyia mazoezi?"

Jamaa hata aibu hana. "Ah, kitambo mwalimu, kila asubuhi. Siri ni ka."

Nikafungua mdomo nipinge, yakatoka mate.