Bomba la Majitaka Litangulie Bomba la Moshi

Kila tunapojadili viwanda hapa nchini, mazungumzo huanzia kwenye ajira na kuishia kwenye mapato ya serikali. Tangu kaulimbiu ya uchumi wa viwanda ilipotawala siasa zetu baada ya uchaguzi wa 2015, nimesikia hotuba nyingi zikitaja idadi ya viwanda vilivyojengwa, na chache mno zikiuliza mfanyakazi wa viwanda hivyo atalala wapi, atachota maji wapi, na choo cha familia yake kikijaa kitamwagwa wapi. Naamini kwamba maswali haya ndiyo yaliyoamua, katika kila mji wa viwanda duniani, kama mji huo ungekuwa mahali pa kuishi au mahali pa kufia, na inaniuma kuona Dar es Salaam ikiyaweka kando ilhali majibu yake yamejulikana kwa zaidi ya miaka 150.

Wanahistoria wengi huutaja Manchester, kaskazini mwa Uingereza, kuwa mji wa kwanza wa viwanda duniani. Mwaka 1801 ulikuwa na watu takriban 75,000. Kufikia 1851 walikuwa wamepita 300,000. Walitoka mashambani na wengine walivuka bahari kutoka Ireland, wakivutwa na viwanda vya pamba vilivyoendeshwa kwa mvuke, vilivyolipa ujira wa fedha taslimu kila wiki. Maisha yao yalibadilika hata katika mambo madogo kabisa. Mtu aliyezoea kuamka kwa jogoo na kupumzika mvua inaponyesha sasa aliishi kwa kengele ya kiwanda, na palizuka watu waliolipwa kupita mitaani alfajiri wakigonga madirisha kwa fimbo ndefu ili wenzao wasichelewe zamu. Watoto waliingia kazini wakiwa wadogo kiasi kwamba sheria ya 1833 ilipopiga marufuku kuwaajiri walio chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, ilionekana kuwa hatua kubwa.

Nyumba zao zilijengwa haraka na kwa bei rahisi, zikiwa zimeegemeana migongo kiasi kwamba hazikuwa na dirisha la nyuma wala upepo wa kupita. Walioshindwa kodi ya chumba cha juu walipanga katika vyumba vya chini ya ardhi, ambako unyevu ulipanda ukutani mwaka mzima. Choo kimoja kilitumiwa na kaya nyingi, na hapakuwa na sheria iliyomlazimisha mjenzi kuweka hata mtaro. Mwaka 1842 ofisa wa serikali aitwaye Edwin Chadwick alichapisha ripoti juu ya hali ya afya ya wafanyakazi wa Uingereza, na ndani yake mna ulinganisho ambao sijaweza kuusahau. Wastani wa umri wa kufa kwa vibarua na familia zao katika Manchester ulikuwa miaka 17, wakati vibarua wa Rutland, eneo la mashambani, wastani wao ulikuwa miaka 38. Tena hiyo miaka 38 ndiyo iliyokuwa wastani wa matajiri na wasomi wa Manchester. Yaani bwana mkubwa wa mjini, pamoja na fedha zake zote, alikuwa sawa na mkulima fukara wa shamba.

Takwimu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Haina maana kwamba watu wazima walikuwa wakianguka wakiwa na miaka 17. Wastani ulivutwa chini na vifo vya watoto wachanga na wale wa chini ya miaka mitano, waliokufa kwa kuhara, homa na magonjwa ya kifua, na pia na ukweli kwamba miji ile ilijaa vijana. Lakini hilo linazidisha uzito wa hoja yangu, kwa sababu mtoto mchanga hafanyi kazi kiwandani. Kilichomwua ni maji aliyopewa, hewa ya chumba alicholala na uchafu wa uani alikotambaa. Ujira wa baba na mama ungeweza kupanda na mtoto akaendelea kufa, kwa sababu hakuna mfanyakazi, hata awe na bidii gani, anayeweza kujinunulia peke yake mfumo wa majitaka wa mji mzima.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba viwanda vyenyewe, vikiachwa vistawi, huleta maisha bora mjini. Sikatai kwamba vilileta mengi. Vilishusha bei ya nguo za pamba na sabuni, mambo mawili yenye faida kubwa kwa usafi wa mwili, na ndivyo vilivyofyatua mabomba ya chuma yaliyokuja kubeba maji. Hata hivyo bomba halijifukii lenyewe ardhini. Kati ya kiwanda na nyumba yenye afya palihitajika mamlaka ya umma yenye fedha, wataalamu na nguvu ya kisheria, na Waingereza walichukua miongo kadhaa, pamoja na makaburi mengi, kulikubali jambo hilo.

Kipindupindu kiliingia Uingereza mwaka 1831 na kikarudi mara tatu. Mwaka 1854 daktari John Snow aliorodhesha nyumba kwa nyumba vifo vya mtaa wa Soho, London, akaonyesha kwamba waliokufa wengi walikunywa maji ya pampu moja ya Broad Street, na mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Wakuu wengi hawakumwamini. Waliendelea kushikilia kwamba ugonjwa huletwa na harufu mbaya. Kwa bahati, imani hiyo ya makosa iliwasukuma kufanya jambo sahihi. Kiangazi cha 1858 mto Thames ulinuka kiasi kwamba wabunge walishindwa kukaa katika jengo lao kando ya mto, na sheria ya kugharimia mfumo mpya ikapita kwa siku chache. Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mabomba makuu yenye urefu wa kilomita zipatazo 132 ili kuupeleka uchafu mbali na mji. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866 kiliua zaidi ya watu 5,000 mashariki mwa London, eneo ambalo mfumo wake ulikuwa haujakamilika na ambalo kampuni yake ya maji iliwasambazia wateja maji yasiyochujwa. Sehemu kubwa ya mji uliobaki ilinusurika. Sidhani kama upo ushahidi ulio wazi kuliko huo, kwamba watu wa mji uleule, kwa ugonjwa uleule, walipona au kufa kulingana na bomba lililopita chini ya mtaa wao.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Sheria ya afya ya umma ya 1875 ililazimisha halmashauri kusimamia maji, mitaro na viwango vya nyumba mpya. Huko Birmingham, Meya Joseph Chamberlain alizinunua kampuni za gesi mwaka 1875 na kampuni ya maji mwaka 1876, zikawa mali ya mji, naye mwenyewe alikuwa tajiri wa kiwanda cha skurubu. Wenye nyumba walilalamika kuhusu kodi, kama wanavyolalamika popote. Kodi ilikusanywa, mikopo ya muda mrefu ikachukuliwa, na mitaa ikachimbwa.

Dar es Salaam imepita njia nyingine. Wajerumani walipoufanya mji huu makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na Waingereza baada yao, waliugawa katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na huduma zilifuata mgawanyo huo. Baada ya uhuru viwanda vilipangwa kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, na kule Chang'ombe, Keko na Ubungo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, na jirani yake Manzese ikafurika wapangaji. Sensa ya 1967 ilihesabu watu takriban 273,000 jijini; ya 1978 ikakuta zaidi ya 840,000. Manchester ilichukua nusu karne kuongezeka mara nne, sisi tuliongezeka mara tatu kwa miaka 11. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 5.3.

Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vyenye barabara na maji huko Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na ikaboresha sehemu za Manzese. Anayetaka kujua thamani ya kupanga mapema na atembee Sinza leo, kisha avuke kwenda sehemu za Manzese ambazo hazikuguswa. Lakini mpango ule haukuendelezwa kwa kasi ya watu. Uchumi ukayumba, viwanda vingi vya umma vikafungwa au kubinafsishwa katika miaka ya 1980 na 1990, na watu wakaendelea kuja. Tukapata msongamano wa Manchester bila ajira zake.

Matokeo yake yanaonekana katika jambo ambalo watu wa mabondeni wanalijua vizuri na wanasiasa hawapendi kulitaja, yaani kutapisha vyoo. Maeneo kama Vingunguti na Jangwani yana maji ya ardhini yaliyo karibu sana na uso wa nchi, hivyo choo cha shimo hujaa upesi, na masika hujaa zaidi. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya uchochoro, na hata likiweza, gharama yake ni mzigo mkubwa kwa familia inayokaa chumba kimoja cha kupanga. Kwa hiyo mvua kubwa inapoanza usiku, tundu la choo hufunguliwa na uchafu ukasombwa kwenda kwa jirani, kwenye mtaro, na hatimaye Mto Msimbazi. Sikubaliani kabisa na wanaowaita watu hawa wachafu. Wamewekwa mahali ambapo kila njia safi imefungwa au inauzwa ghali. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza hapa jijini Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ulikuwa, kwangu mimi, ni Soho ya 1854 iliyorudiwa na watu wanaojua kila kitu ambacho London haikujua.

Msimbazi wenyewe umebeba pia maji ya viwanda na ya machinjio, na watafiti wamekuta metali nzito katika mboga zinazolimwa kandokando yake, mchicha uleule unaofungwa mafungu na kuuzwa sokoni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya familia za bondeni zilihamishiwa Mabwepande, mbali na vibarua na biashara zao. Kuwatoa watu kwenye hatari ni wajibu wa serikali, lakini kuwapeleka mbali na riziki bila usafiri wa bei nafuu ni kuwaalika warudi, na wapo waliorudi.

Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara kutoka kwa watu ninaowaheshimu, kwamba Ulaya ilichafuka kwanza ikatajirika, kisha ikajisafisha, nasi tufuate mpangilio huo. Naiona kuwa hoja ya hatari. Ulaya ilichelewa kwa sababu haikujua. Vijidudu vya kipindupindu vilikuja kuthibitishwa na Robert Koch miaka ya 1880. Isitoshe, kupitisha bomba kwenye mtaa uliokwisha kujengwa kunadai kuvunja kuta, kulipa fidia na kugombana miaka mingi. Wala hatuhitaji kujenga kama Bazalgette. Mfumo rahisi uliobuniwa Brazil miaka ya 1980, wa mabomba membamba yanayofukiwa kina kifupi kupitia nyuani mwa watu, umejaribiwa hata Vingunguti, nao unafaa kwa mitaa isiyopitika magari.

Sasa viwanda vinahamia Mkoa wa Pwani, kule Mkuranga, Kibaha na Kwala, ambako ardhi bado ipo wazi. Wafanyakazi watavifuata, na baada yao mama ntilie, bodaboda na wenye nyumba za vyumba sita vya kupangisha. Ningependa kuona halmashauri za huko zikikataa kutoa kibali cha eneo lolote la viwanda mpaka ramani yake ionyeshe viwanja vilivyopimwa kwa ajili ya makazi ya wafanyakazi wa kipato cha chini, bomba la maji safi, njia ya majitaka na mahali yatakaposafishwa, na mwekezaji achangie gharama hizo kama anavyochangia umeme unaoletwa getini kwake. Wakazi wa sasa wa maeneo hayo wana haki ya kuuliza maswali hayo kwenye mikutano ya vijiji na mitaa yao kabla viwanja havijauzwa, na diwani asiye na majibu arudishwe akayatafute.