Bwana Mwongozaji, Weka Kamera Kwenye Bakuli la Chapati

Kuna aina ya filamu za kuchekesha ambazo huniudhi kabla sijacheka. Hoteli ya familia iko karibu kufungwa. Baba amenuna, mama anapika huku machozi yanadondoka kwenye mchuzi, kijana amerudi kutoka ng'ambo na mawazo mapya, benki inabisha mlangoni. Filamu ikikaribia kuisha anaingia bwana mmoja mwenye daftari dogo, anaonja kijiko kimoja, anafumba macho, na kesho yake foleni imezunguka mtaa. Kijiko kimoja! Hapa Kisumu mtu akionja kijiko kimoja akafumba macho, tunamuuliza kama amekwamwa na mwiba.

Na masufuria anaosha nani? Filamu nzima hakuna ugali uliogandia chini, hakuna makaa mabichi, hakuna mtu aliyetumwa kuleta maji akapotelea huko.

Bwana mwongozaji, ukitaka kuipiga hiyo filamu hapa kwetu, tuseme Kondele, mwache huyo bwana wa kijiko, na benki pia iache. Weka kamera juu ya bakuli la chapati saa kumi na moja alfajiri, uiache hapo mpaka usiku. Mwizi atajileta mwenyewe, tena atakusalimia.

Hesabu ndiyo hii. Unga wa ngano paketi ya kilo 2, maji ya uvuguvugu lita moja na robo hivi, mafuta robo kikombe, chumvi. Ukishakanda una donge la kilo 3 na gramu 300. Mama anakata vidonge vya gramu 110, uzito wa karibu mayai mawili ya gredi, anapata chapati 30. Lakini leo mama yuko soko la Kibuye anabishania nyanya, na anayekata ni shemeji, mtu mkarimu mwenye kiganja kama sinia. Kidonge chake ni gramu 150. Zinatoka chapati 22. Bei ni ileile, wateja wanamsifu shemeji, wanasema huyu ndiye ana mkono, mama anabana sana. Kwa paketi 3 za siku, chapati 24 zimeyeyuka. Tuseme chapati ni shilingi 20: hizo ni 480 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 12,480. Halafu mwisho wa mwezi wanakaa kikao kuulizana ni nani amewaroga.

Dawa yake ni mizani ndogo ya jikoni. Ukiikosa, tafuta kikombe cha plastiki, upime kidonge kimoja sawasawa, uchore alama, na shemeji asipite hapo. Lakini nani atamwambia shemeji? Katika filamu wangegombana kwa sauti, sahani zingeruka, kisha wakumbatiane. Hoteli ya kweli haina nafasi ya kugombana. Jiko na wateja wametenganishwa na pazia la leso, na mteja wa karibu yuko mita moja. Watu wanagombana wameuma meno, kwa kunong'ona, huku redio imefunguliwa mpaka mwisho.

Na usifikiri ukubwa wa kidonge ndio tatizo pekee. Kidonge kisipopumzika nusu saa kikiwa kimefunikwa, chapati inajikunja inaposukumwa, inarudi ndogo kama mtoto aliyeitwa kuoga. Moto ukiwa hafifu, inakauka kabla ya kupata madoa, na mteja anapewa ngozi ya ngoma. Ukizipanga kwenye hotpoti bila kitambaa, mvuke unadondoka, zile za chini zinalowa. Hizo za chini ndizo hupewa mjomba, na mjomba hajawahi kulalamika.

Tumfikie mjomba. Alikuja kwa matanga, matanga yakaisha, yeye akabaki kusaidia. Kazi yake ni kuonja. Asubuhi anaonja chai na mandazi mawili, saa nne anaonja madondo, yaani maharagwe, kama yameiva, saa saba anaonja ugali wote. Kila hoteli ya familia ina mtu huyu, na hakuna daftari lenye safu yake. Iandikwe, jamani: chakula cha wenyewe, watu 6, kila mmoja sahani moja mchana na moja jioni, tena iwekwe kwenye gharama pamoja na makaa. Chakula kisichoandikwa kinahesabiwa kuwa faida, na baba anaenda kununua redio kubwa zaidi.

Chai ndiyo ingepaswa kuwa na faida, maana maji hayana deni. Maji lita 2, maziwa lita 1, unapata vikombe 11 vya robo lita baada ya mvuke kuchukua chake. Sasa anakuja binamu aliyeona mahali kwamba tangawizi inavuta wateja. Anaiponda mbichi, anaitumbukiza kwenye maziwa ya vuguvugu. Chai inakatika, inaelea vipande kama mvua ya mawe. Mwenye maziwa anaitwa, anatukanwa bure. Maskini hana kosa: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kusini mwa China wanafanya hivyo makusudi, ni kitamutamu chao. Kondele ni kesi. Ichemshe tangawizi na maji kwanza dakika 5, kile kimeng'enya kife, ndipo maziwa yaingie.

Sasa samaki. Hapa Kisumu filamu yako itapata shida, kwa sababu kila mteja ni profesa. Hatazami menyu, anatazama jicho la ngege, yaani tilapia, kama linang'aa au limezama, anabonyeza mgongo, anafunua shavu aone wekundu. Samaki wote wakilingana saizi kama wamekatwa kwa msumeno, anauliza kwa upole, "Omera, ndugu yangu, huyu ni wa ziwa ama ni wa katoni, wa kugandishwa?" Jibu lolote utakalotoa tayari umechelewa.

Ngege wa saizi ya sahani unamchanja mara tatu kila upande, chumvi inaingia mpaka kwenye mikato, anakaa nusu saa, kisha unamfuta akauke. Kumfuta ndiko watu hawataki. Samaki mwenye maji akiingia kwenye karai, mafuta yanaruka, mpishi anaruka, na ngozi inang'ang'ania chuma. Chovya ncha ya mwiko mkavu: mapovu madogo yakizunguka mti haraka, mafuta yako tayari. Mtumbukize, halafu mikono nyuma. Ukimgeuza kabla ya dakika 4 au 5, unageuza nyama, ngozi inabaki karaini, na mteja atauliza nguo za samaki ziko wapi. Mafuta yakishakuwa meusi, yanatoa povu na moshi mapema, yamekufa, yazikwe. Wala usiyaokoe kwa kuyakaangia mandazi. Saa moja asubuhi mtu atasikia samaki ndani ya andazi, aanze kutafuta mwiba ambao haupo.

Asiyeuzwa leo kesho anavaa nyanya. Ndiyo siri ya samaki wa mchuzi, na si siri kwa yeyote: vitunguu, nyanya 4, dhania, dakika 10, anarudi mezani kama mgeni. Mradi alilala kwenye baridi. Joto letu la kando ya ziwa halisubiri, na samaki aliyelala juu ya kabati nyanya haitamficha, itamtangaza.

Na wasioweza ngege wana mgongo wazi. Mbuta, yaani sangara, aliyetiwa ziwani miaka ya 1950, anachunwa minofu viwandani, minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na kichwa na uti, ndio mgongo wazi wenyewe. Ukiupika vizuri unazidi minofu, ila mteja anahitaji muda, na muda ni kiti. Mtu wa mgongo wazi anakaa dakika 50 akinyonya mfupa mmoja mmoja kama anasoma barua, huku vijana wa boda boda watatu wamesimama mlangoni wanataka kula dakika 10 waondoke. Hao ndio wakosoaji wako. Pikipiki tatu zikiegeshwa nje, hoteli imepata nyota tatu. Zikihamia ng'ambo ya barabara, hakuna kijiko kitakachokuokoa.

(Ukiamua kupigia filamu Kakamega, toa samaki uweke kuku. Shida itakuwa firigisi: kuku ana moja, na wazee watatu wameketi meza moja.)

Daftari la madeni sitalisema sana, linajisema. Limeandikwa "Shati nyekundu, ugali matumbo, 120." Shati nyekundu amebadilisha shati. "Fundi, chai 2." Fundi gani, na mtaa wote ni mafundi? Jina, namba ya simu, tarehe, na deni likifika 200 mlango unafungwa. Ukutani pameandikwa "Kukopa harusi, kulipa matanga", kwa rangi ya mafuta, na chini ya maandishi hayo hasa ndipo mdeni hupenda kuketi. Wa M-Pesa naye anakuonyesha ujumbe kwa mbali, simu inapepea kama bendera. Ujumbe ni wa jana. Angalia simu yako wewe, usiangalie yake.

Kanjo, askari wa kaunti, watakuja, leseni iwe ukutani. Cheti cha afya cha kila anayegusa chakula huchukuliwa upya kila miezi 6, na cha shemeji kiliisha kabla hajaoa.

Kwa hiyo kamera yako bado iko pale. Saa tatu usiku viti vimepandishwa juu ya meza, mama anafunua kitambaa. Imebaki chapati moja, tena imemegwa pembeni. Baba anamtazama mama, mama anamtazama shemeji, shemeji anatazama mabati. Usikate hapo, bwana mwongozaji. Ngoja kidogo, pazia la leso litasogea, na mjomba atatokeza kichwa kuuliza kama hakuna chai ya kushushia.