Battersea: bustani ya bure, daraja la kulipia

Sheria ya mwaka 1846 iliyoanzisha Bustani ya Battersea ilipitishwa kwa hoja ya afya: wakazi wa London waliobanana kwenye mitaa ya moshi wapate pa kupunga hewa. Eneo lenyewe, kusini mwa mto Thames, lilikuwa tambarare lenye tope na vilabu vya pombe. Shida ni kwamba wengi wa walengwa waliishi ng'ambo, upande wa kaskazini. Jirani kulikuwa na daraja la mbao la Battersea, la tangu 1771, mali ya watu binafsi, na kila avukaye alilipa.

Serikali ikajenga daraja lake, Chelsea, lililosanifiwa na Thomas Page. Likafunguliwa 1858, mwaka uleule wa bustani. Nalo likawekewa tozo.

Waliotetea tozo hawakuwa watu wa ajabu. Madaraja mengine ya London ya Vauxhall, Waterloo na Southwark yote yalijengwa na kampuni kwa matumaini ya kurudisha fedha kwa tozo. Kwa nini mlipa kodi asiyevuka agharamie safari ya anayevuka? Isitoshe, waendao kwa miguu walisamehewa Jumapili na sikukuu, siku ambazo mfanyakazi ana nafasi ya kwenda bustanini. Hoja hii ina uzito kuliko wapinzani walivyotaka kukubali.

Lakini msamaha huo unachukulia daraja kama njia ya matembezi tu. Jumatatu mtu anavuka kwenda kibaruani, na hapo anakamuliwa. Tozo pia iliwasukuma watu kwenye madaraja ya bure kama Westminster, yakazidiwa, huku ya kulipia yakipwaya. Daraja la Albert, la kampuni binafsi, lilifunguliwa 1873 upande wa pili wa bustani, na biashara haikulipa. Tarehe 24 Mei 1879 madaraja yote matatu yanayoizunguka bustani yalifanywa ya bure, baada ya Bunge kuiruhusu bodi ya ujenzi ya jiji kuyanunua yale ya binafsi.

Hapo watetezi wa tozo wangeweza kucheka kidogo. Bodi ilinunua mizigo. Daraja la mbao la Battersea lilifungiwa magari ya farasi 1883, likabomolewa, na jipya lililosanifiwa na mhandisi Joseph Bazalgette likafunguliwa 1890. La Albert lilibidi liimarishwe mapema, mwaka 1884, kwa sababu vyuma vyake vilikuwa vimeanza kuliwa na kutu. Bili ikawafikia walipa kodi wa jiji, wakiwamo wasiokanyaga Battersea hata mara moja.

Hata hivyo, naona pande zote mbili zilibishana juu ya mlipaji asiye sahihi. Serikali ilinunua takriban ekari 320 na kutumia kama 200 tu kwa bustani. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilikusudiwa kupangishwa kwa ujenzi wa nyumba ili kufidia gharama. Thamani ya viwanja hivyo ilitegemea urahisi wa kuvuka mto. Kumtoza mtembea kwa miguu kulipunguza mvuto wa ardhi ileile iliyotarajiwa kulipa deni. Daraja lingeachwa bure tangu siku ya kwanza, na deni likadaiwa kwenye kodi ya pango ya viwanja, mwenye faida kubwa ndiye angelipa.