Kiti Kitupu cha Oslo na Bei ya Salmoni

Tarehe 10 Desemba 2010, katika Ukumbi wa Jiji la Oslo, medali na cheti cha Tuzo ya Amani ya Nobel viliwekwa juu ya kiti kisichokuwa na mtu, kwa kuwa mshindi wake, Liu Xiaobo, alikuwa gerezani nchini China akitumikia kifungo cha miaka 11 kwa maandishi yake ya kudai demokrasia. Kamati ya Nobel haipokei amri ya serikali, ingawa wajumbe wake huteuliwa na Bunge la Norway. Hata hivyo, iliyoadhibiwa na Beijing ni Norway nzima. Mazungumzo ya biashara yalisimama, na salmoni wa Norway, samaki asiyeweza kungoja, akaanza kucheleweshwa na ukaguzi mpya wa China.

Mwaka 2014 Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Watibet anayepingwa na China, alipofika Oslo, serikali ilikataa kukutana naye. Desemba 2016 uhusiano ulirejeshwa kwa tamko la pamoja ambamo Norway iliahidi kutounga mkono hatua zinazodhoofisha maslahi ya msingi ya China, na kujitahidi kuepusha madhara yoyote ya baadaye kwa uhusiano huo. Nimelisoma tamko hilo mara kadhaa, na kila mara neno "yoyote" hunikwama kooni.

Sina ugomvi na biashara, na mfugaji wa samaki ana haki ya kutafuta soko. Ninachokipinga ni kwamba kilichouzwa hapo si samaki bali sauti, na sauti hiyo haikuwa mali ya mawaziri waliolikubali tamko hilo. Isitoshe, hii ni nchi yenye mfuko wa akiba wa fedha za mafuta ulio miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Kama yenyewe haikuweza kuvumilia, tutamdai nani uvumilivu? Australia, ambayo mwaka 2020 ilitaka uchunguzi huru kuhusu chanzo cha UVIKO-19, ilitozwa na China ushuru mzito kwenye shayiri na mvinyo wake, lakini haikufuta kauli yake. Ushuru wa shayiri uliondolewa mwaka 2023, na wa mvinyo mwaka 2024.

Liu aliugua saratani ya ini akiwa kifungoni. Katika wiki zake za mwisho, Marekani na Ujerumani ziliomba aruhusiwe kutibiwa nje, ilhali serikali ya nchi iliyomtunzia kiti chake ilijizuia kudai hadharani aachiwe. Alifariki tarehe 13 Julai 2017 mjini Shenyang, ndipo salamu za rambirambi zikatoka Oslo.